Aliyepewa Darasa la Mtoni

Zamani pale Sredolipe, mji mdogo wa Bulgaria, mishahara ya walimu ililingana, na hakuna aliyekosa usingizi. Ukishafundisha miaka ishirini unapata cha miaka ishirini. Uwe hodari, uwe goigoi, uwe unalala na gazeti usoni kama yule bwana wa jiografia, hiyo ni shauri yako na Mungu wako. Nedyalka Gencheva amestaafu sasa, magoti yamemwisha, na anapoikumbuka enzi hiyo huwa hasemi kwamba ilikuwa ya haki. Hasemi uongo huo. Anasema tu kwamba kahawa ilikuwa tamu.

Kahawa yenyewe aliichemsha Velika Doneva, kwenye kibirika cha shaba chenye mpini mrefu, juu ya jiko la umeme ambalo watu wa zimamoto walilikataza kila mwaka na kila mwaka wakainywa kahawa yake kabla ya kuondoka. Velika na Nedyalka waliajiriwa siku moja, wasichana wawili wenye viatu vya kuazima, na tangu siku hiyo ukimwona mmoja unauliza mwenzake yuko wapi. Wote wawili walifundisha wadogo. Desturi ya kule ni kwamba mwalimu akipokea darasa la kwanza anakaa nalo mpaka la nne, kisha anarudi chini kupokea wengine. Zamu zao ziliangukia pamoja, na kila zilipoangukia kulikuwa na madarasa mawili: A na B.

Mtu asikudanganye kwamba A na B ni herufi tu. A walikuwa watoto wa kilimani: mtoto wa daktari, mtoto wa mhandisi, mtoto ambaye bibi yake alikuwa mwalimu wa piano. Siku ya kwanza ya shule, Septemba, walikuja na mashada ya maua makubwa hata uso wa mtoto hauonekani. B walikuwa watoto wa mtoni, kule kwenye harufu ya kiwanda cha ngozi, Waturuki na Waroma, wale wanaoitwa Wajipsi, wengi wao, wanaofika shuleni na viatu vya kaka zao na bila neno moja la Kibulgaria. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wagawanywe hivyo. Waligawanyika tu, na watu wazima wenye akili zao wakatazama pembeni.

Sasa, nani achukue B? Mkuu wa wakati huo alikuwa Bai Krum, na hilo “Bai” ni heshima tu ya kumwita mwanamume aliyekuzidi umri. Bai Krum hakupenda lawama. Alipenda samaki, na alipenda amani. Basi akaazima mchezo wa mkesha wa Krismasi, pale kila mtu mezani anapopasua jozi yake, ile kokwa ya ganda gumu: ikiwa nzima ndani, mwaka wake mwema, ikiwa tupu au nyeusi, ajihadhari. Kila walimu hao wawili walipomaliza zamu, mwezi wa sita, Bai Krum alitia jozi mbili ndani ya kofia yake, moja nzuri na moja aliyoitafuta makusudi ikiwa tupu. Mdogo anachagua kwanza. Atakayepata nzima anachukua A. Atakayepata tupu anachukua B, na asinune.

Velika alikuwa mdogo kwa miezi michache. Alichagua kwanza, na alipata tupu. Zamu iliyofuata, tupu. Ya tatu, tupu. Ikawa mzaha wa shule nzima.

“Mama, wewe nyota yako umeiacha wapi?” Toshko, mwalimu wa michezo, alimuuliza.

“Imeenda mtoni kufua,” Velika akamjibu. “Ikirudi nitakuita uianike.”

Nedyalka hakuwahi kuona hata jinsi mwenzake alivyochagua. Yeye aliogopa B kama mtu anavyoogopa kung'olewa jino. Kofia ilipoletwa alifumba macho, akajipiga msalaba, na alipofumbua Velika alikuwa ameshapasua yake na anacheka.

Lo, siku zile. Madirisha wazi, harufu ya maua ya milipa, ile miti ya uani, inaingia mpaka mtu analewa, pai ya jibini aliyooka Velika inapoa juu ya kabati, Bai Krum anasimulia habari za samaki aliyemponyoka. Jozi nzima waligawana wote, kila mtu kipande kisichotosha kuonja. Nedyalka angetoa pensheni ya mwaka arudishiwe alasiri moja tu ya aina hiyo, na nani atamlaumu?

Bai Krum akafa. Akaja Orlin Rusev, kijana, si mtu mbaya, nasema kabisa. Rangi ya korido aliinunua kwa fedha yake. Na pamoja naye ikaja sheria mpya kutoka mji mkuu, Sofia: kila mwalimu apimwe, apewe pointi, na mwenye pointi nyingi apate zaidi. Watoto wa darasa la nne watafanya mtihani wa taifa zima, na matokeo yao ndiyo yatakayomsemea mwalimu wao.

Chumba cha walimu kikawaka moto.

“Mimi nitapimwa kwa lipi?” Toshko akauliza. “Kwa kitambi?”

“Ni haki,” alisema Ralitsa, binti aliyefundisha Kiingereza, ambaye alibaki na watoto mpaka giza na kupokea pungufu ya mtu wa jiografia. “Nisameheni, mama zangu, lakini ni haki. Kwa nini mimi nifanye kazi ya watu wawili nilipwe nusu ya anayekoroma? Kuna duka la simu Sofia linanitaka kwa mara mbili ya hiki.”

“Chema chajiuza, binti yangu,” akasema bwana wa jiografia kutoka chini ya gazeti.

“Wewe mbona hujanunuliwa?”

Walicheka wote, hata yeye. Nedyalka alicheka pia, na moyoni alikuwa upande wa Ralitsa. Tuseme kweli: alikuwa mwalimu hodari. Mwandiko wake ubaoni ungeweza kuwekwa kwenye fremu. Darasani kwake inzi alitembea kwa adabu. Watoto wake walipata sita, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa kule, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia ahsante isipokuwa mama wa kilimani kwa chokoleti. Pointi za kwanza ziliposomwa, Nedyalka alikuwa wa kwanza shuleni. Alienda akanunua buti za ngozi ndefu, akapita nazo sokoni mara mbili bila kuwa na cha kununua. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Velika aliwekwa chini kabisa, chini hata ya jiografia. Alichemsha kahawa.

Miaka ikaenda, watu wakaenda. Kiwanda kikafungwa, kilimani wakahamia Plovdiv na Ujerumani, na mwaka ambao zamu yao iliangukia tena, watoto wa kuanza shule hawakutosha madarasa mawili. Litakuwa moja. Mwalimu mmoja atapunguzwa. Wote wawili walikuwa wamebakiza miaka minne kufika pensheni, na katika mji ule mwanamke wa umri wao akikosa shule anapata basi la kwenda Italia kutunza wazee.

Orlin aliwaita ofisini, akawaona wote wawili na kushindwa kukaa. “Mkikubaliana wenyewe, mmoja akajitoa, mimi nitatia sahihi. Msipokubaliana, nitalazimika kufuata pointi. Sina njia nyingine, mama zangu.”

Pointi zilikuwa za Nedyalka, kila mtu alijua. Lakini Nedyalka hakutaka kumla rafiki yake kwa karatasi. Ni yeye aliyesema, “Tupasue jozi, kama alivyofanya Bai Krum. Mwenye nzima abaki.” Velika akasema sawa.

Toshko akaleta jozi kutoka nyumbani, moja nzima, moja tupu, akazitia katika bakuli la sukari, akatoka na wenzake wote wakamfuata. Wakabaki wawili. Velika, mdogo, akaingiza mkono.

Na safari hii Nedyalka hakufumba macho. Aliogopa mno kufumba. Akauona mkono wa Velika ukiinyanyua jozi moja kidogo, ukaiacha. Ukainyanyua ya pili, ukatulia. Kisha ukaichukua hiyo ya pili. Ulikuwa mkono wa mtu anayechagua nyanya.

“Umeipima,” akasema Nedyalka.

“Pasua yako.”

“Sipasui. Ni tupu na unajua ni tupu. Nimekuona, Velika.”

Velika akavuta kiti akaketi. “Kwetu tumelelewa chini ya miti ya jozi, Neda. Mtoto wa miaka mitano anaijua tupu. Ni nyepesi, basi. Si uchawi.”

Nedyalka alikaa na neno hilo mpaka likamfika. “Zamu zote zile? Kofia ya Bai Krum?”

“Zote.”

“Ulikuwa unachukua tupu makusudi.”

“Ndiyo.”

Machozi yakamjaa Nedyalka. Ewe Mungu, miaka yote hiyo rafiki yake alimbebea mzigo, yeye akiwa anavaa buti sokoni. Akanyoosha mkono kumshika. “Ulinihurumia namna hiyo, dada yangu?”

Velika hakuuchukua ule mkono. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini uongo hakuuweza. “Sikukuhurumia wewe. Niliwahurumia wao.”

“Nani?”

“Usiniulize, Neda.”

“Nakuuliza.”

“Watoto wa kilimani wana vitabu, wana bibi wa kuwasomea, wana baba anayekaa nao mezani. Wale ukiwawekea kiti mbele ya darasa, kiti kitupu, ikifika Pasaka wanasoma. Wa mtoni wanahitaji mwalimu.”

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Nedyalka aliurudisha mkono wake, akaufuta kwenye sketi kana kwamba umeshika kitu.

“Na mimi ni kiti.”

“Wewe ni mwalimu mzuri wa watoto wanaojua.”

“Na leo? Mbona leo umechukua nzito?”

“Darasa ni moja, na wengi wao ni wa mtoni. Sikutaka wakuangukie wewe.” Velika akaiweka ile jozi mezani. “Nimekuibia, naam. Nilikuwa nakuibia kazi. Sasa unajua.”

Mtu huweza kusamehe kuibiwa. Kupimwa na rafiki yako kwa siri miaka ishirini na kitu, akakuona mwepesi, akaendelea kukumiminia kahawa, hilo Nedyalka hakuweza. Alisimama, akachukua mkoba. “Basi pointi ziamue,” akasema, na pointi zikaamua.

Velika aliondoka na basi la Italia siku ya soko. Nedyalka hakwenda kumuaga. Alikaa nyumbani akipika jamu ya cheri, akaiunguza, akaitupa, akaanza nyingine.

Septemba akaingia darasani na buti zake na mwandiko wake. Atamwonyesha. Miaka minne, halafu mtihani, halafu tutaona nani kiti. Watoto wachache wa kilimani walianza kusoma bila shida. Wa mtoni walimtazama. Aliwaambia fungueni kitabu, wakafungua. Aliwaambia someni, wakamtazama. Kulikuwa na binti mmoja, Sevda, binti wa Asen muuza vyuma chakavu, ambaye hakufungua mdomo mwezi mzima. Ungedhani amezaliwa bubu, lakini ukipita uani kwao unamsikia anapigana na bata. Nedyalka alizidisha mazoezi. Alizidisha ukimya. Viti vikaanza kubaki wazi, kimoja, viwili, vitano.

Akashuka mtoni kuwatafuta. Asen alimpokea mlangoni kwa heshima zote, kofia mkononi.

“Tumbo linamuuma, mwalimu.”

“Kila siku?”

“Si kila siku. Jumamosi na Jumapili hapana.” Asen akazungusha kofia. “Usinielewe vibaya. Mimi nilisoma kwa Mama Velika. Sikuwahi kuumwa tumbo.”

Nedyalka alipanda kilima polepole siku hiyo. Alikuwa amekasirika, na alipofika juu hakuwa tena na wa kumkasirikia ila mmoja, naye alikuwa amevaa buti zake. Alimwomba Ralitsa namba ya Italia. Simu iliita sana. Nyuma ya sauti ya Velika kulikuwa na televisheni ya Kiitaliano.

“Nani mwenzangu?”

“Kiti,” akasema Nedyalka.

Akasikia televisheni inapunguzwa. “Sema, kiti.”

Akasema yote. Hakuficha, hakujitetea. Velika alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kwao wanaitaje mkate?” akauliza.

“Sijui.”

“Miezi miwili na hujui. Kesho waulize. Wakikwambia, wewe tamka vibaya.”

“Kwa nini vibaya?”

“Ili wakusahihishe. Mtoto akishamsahihisha mwalimu hamwogopi tena. Lazima kwanza uwe mjinga mbele yao, Neda, kama wao walivyo wajinga mbele yako. Hilo hujawahi kuliweza. Wewe ulitaka kuwa sahihi hata ukiwa umelala.”

Kesho yake Nedyalka aliweka mkate mezani, akauliza, akatamka. Akatamka vibaya sana, na hata hakuwa anaigiza. Nyuma kabisa Sevda akaficha mdomo kwa kiganja, mabega yakimtetemeka.

“Siyo hivyo, mwalimu,” akasema.

Nedyalka akatamka tena. “Siyo hivyo,” wakasema watatu. Ikawa kelele, inzi wakasahau adabu, na mwalimu wao wa miaka hamsini na sita akaenda koridoni, akasimama analia uso ukutani mpaka alipoweza kurudi.

Tangu hapo walipigiana simu kila Jumapili. Velika alimfundisha kama anavyofundishwa mwanagenzi, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nani akae na nani. Nani apewe kazi ya kufuta ubao ili awahi. Baba gani asiitwe shuleni. Wakati mwingine alizungumzia ya kwake.

“Huku nalipwa mara tatu ya mshahara wetu, Neda. Namlisha bibi mmoja supu, namfuta mdomo. Anasema mimi ndiye bora kuliko wote aliowahi kupata. Unaona, hatimaye nimepata pointi.” Walicheka, na baada ya kukata simu Nedyalka hakuona cha kuchekesha.

Mtihani ukaja. Watoto wote walikuwepo, viti vyote vimejaa, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Lakini mtihani haukuuliza walianzia wapi. Orlin aliposoma pointi alisoma haraka, akikwepa macho. Ralitsa hakuwepo kusikia. Aliyetungiwa sheria ile alikuwa ameshachukuliwa na duka la simu Sofia. Nedyalka Gencheva alikuwa wa mwisho shuleni. 

Jumapili akapiga simu.

“Nimekuwa wa mwisho, Velika. Hata yule wa jiografia amenipita.”

“Sevda?”

“Anamsomea baba yake bili ya umeme. Juzi amegundua wamewazidishia, wakaenda wote wawili kugombana kwenye dirisha la malipo.”

“Na mtoto wa Fatme, yule wa kigugumizi?”

“Anasoma akiimba. Akiimba hana kigugumizi. Nilimwacha aimbe.”

Velika akaizima televisheni kabisa.

“Mwanangu anarudi kutoka Uingereza,” Velika akasema. “Amechoka kule. Yeye na mkewe wana binti wa miaka saba, Boryana. Hajui neno moja la kwetu, Neda, na ni mwoga, akiulizwa kitu analia. Mkwe wangu anataka wakae Plovdiv, kuna shule ya kulipia. Nimewaambia hapana. Nimewaambia wampeleke kwako.”

Nedyalka alikuwa amesimama jikoni. Dirishani kulikuwa na miche ya nyanya aliyoiandaa kwa maisha yake ya pensheni, na goti la kulia lilikuwa limevimba. Alikuwa ameshawaaga watu.

“Mimi nimemaliza, Velika. Mwezi wa saba naanza kupumzika.”

“Najua. Ndiyo maana nakuomba.”

Nedyalka akavuta kigoda akaketi. Akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

“Mwambie mama yake asimfundishe kitu njiani,” akasema. “Amlete kama alivyo.”